Jiwe la Tatu

Ngaire kapiga magoti kijitoni, vidole vimekufa ganzi,
anageuza jiwe la tatu.
Mdudu yule yule: mgongoni vishina tu vya mbawa.
Ng'ambo ya mlima, kwenye maji yasiyokutana na haya,
binamu yake naye kakatwa vivyo hivyo.

Nani kamnong'oneza mwenziwe?

Hakuna. Huku juu Otago, miti inapokoma,
upepo humzoa kila arukaye, asirudi kutaga.
Na mkasi wenyewe ulikuwamo tangu kwa bibi yao,
umelala kwenye damu, kimya.

Anaandika: Tena.
Halafu anacheka peke yake,
maana mkono ulioshika kalamu ni wa kushoto,
kama wa shangazi aliyezikwa Dunedin
kabla yeye hajazaliwa.