Sanduku la Kwanza Si la Kwanza

Ghorofa ya tano, Liepāja, mwezi wa Machi.
Upepo wa bandarini unabisha dirishani kama mdai,
na mwanangu Ģirts, miaka minane na nusu
(nusu hiyo usiisahau, atakukumbusha),
amekodolea macho simu yangu ya zamani
iliyopasuka pembeni.

Ndani ya kioo mna ghala.
Ndani ya ghala mna mtu mdogo mwenye kofia
na masanduku sita ya kufikisha kwenye alama sita.
Sheria ni moja tu: anasukuma, havuti.
Sanduku likinasa kwenye kona, limenasa.
Hakuna kulia, hakuna kuhonga.

Siku ya tatu yuko hatua ya thelathini na moja.
Mimi, niliyetoka kufua mashuka ya hospitali
hadi vidole vimekunjamana kama zabibu kavu,
nilisema yasemwayo na kila mama:
macho yatakuwa mraba, weka hiyo simu.
Hakunijibu. Nikakaribia kumpokonya.
Ndipo nikaona vidole vyake.
Havikuwa vikibonyeza chochote.
Vilitulia mapajani,
midomo ikihesabu bila sauti,
kama mtu apimaye kitambaa kwa macho
kabla ya kushika mkasi.

"Mama," akasema, "nilikosea.
Sanduku la kwanza si la kwanza.
Inabidi uanzie mwisho, urudi nyuma,
uulize: ili hili likae hapa, nani apishe?"

Sikumwelewa. Nikapika viazi.

Jumamosi likaja kabati la marehemu mama,
la mwaloni, zito kama deni.
Arvīds wa ghorofa ya pili na shemeji yake
walilibeba wakitukana kwa lugha mbili
mpaka kwenye mpindo wa ghorofa ya tatu,
na hapo likakwama:
halipandi, halishuki, limekumbatia ukuta.
Sukuma! akasema mmoja. Sukuma! akasema mwenzake.
Walisukuma. Plasta ikamwagika kama unga.

Ģirts alikuwa juu yetu, kidevu kwenye chuma cha ngazi,
kimya, muda mrefu, vidole vimetulia.
Kisha: "Msisukume tena, mnalipeleka kwenye kona.
Lishusheni ngazi sita. Ng'oeni milango.
Ligeuzeni, miguu itangulie."

Kushuka ili upande! Shemeji alicheka.
Arvīds hakucheka; mgongo ulikwisha mtia adabu.
Ngazi sita chini. Milango nje. Miguu mbele.
Likapita mpindoni kama ng'ombe ajuaye njia ya zizi.

Ningependa kuishia hapo, shairi lingependeza.
Lakini mlango wetu ni mwembamba kwa vidole viwili,
jambo ambalo hakuna aliyelipima, hata yeye.
Kabati limebaki nje, juu ya ngazi, mpaka leo,
limejaa miavuli ya majirani.
Na Ģirts bado husahau glavu shuleni,
na jedwali la saba linamtoa jasho.

Usiku, amelala, nimeichukua simu.
Hatua ya nne. Nimesukuma, nimesukuma,
masanduku mawili yamenasa,
na kile kitufe cha kurudi nyuma kinameta.
Nakibonyeza. Mtu mdogo anarudi kinyumenyume,
hatua kwa hatua, bila aibu.

Namfikiria dada yangu, aliyeko Ventspils,
miaka minne hatusemezani
kwa ajili ya kabati hilihili.
Naondoa vidole kwenye kioo.
Naviweka mapajani.
Nani apishe?