Tumbo la Kioo

Oktoba, kisiwani Sandoy, baba anatundika paja la kondoo
kwenye boriti, kwa fundo lile lile la babu yake.
Hatii chumvi. "Chumvi ni ya watu wasio na upepo," asema.
Kati ya ubao na ubao wa kibanda pana nafasi ya kidole:
upepo wa bahari ya kaskazini huingia bila hodi.

Kondoo ameshachinjwa, ila hajamaliza kazi.
Ndani ya msuli vimeng'enya vyake vimebaki zamu
kama makarani wasioambiwa kuwa kampuni imefilisika.
Vinakata protini, ule mnyororo mrefu,
vinakata tena,
mpaka zibaki pingili tatu, pingili mbili:
peptidi.

Novemba harufu ilipanda hadi vyumba vya kulala.
Mgeni mmoja aliuliza, kwa adabu, kama kuna aliyekufa.
"Yupo," baba akamjibu. "Kondoo."

Kwingine mvumilivu hula mbivu;
kwetu hula kilichoota ukungu.

Desemba nilitoka Tórshavn na kisu kidogo na kasha la barafu.
Nilikata gramu hamsini. Baba akadai risiti.

Maabara niliisaga ile nyama, nikaimiminia asidi,
kisha pepsini, kisha maji ya kongosho ya kununua dukani:
tumbo la kioo, nyuzi joto thelathini na saba,
lisilojua njaa wala Krismasi.
Likameng'enya usiku kucha.
Asubuhi, vilivyokatwa kibandani vilikuwa vimekatwa upya,
na kipande kimoja, kifupi kuliko jina langu,
kilikuwa kimejipenyeza katika kimeng'enya
kile kinachoamuru mishipa ya damu ikaze,
kikakwama humo
kama ufunguo uliovunjikia kwenye kitasa.

Nilicheka peke yangu kati ya mashine.
Halafu nikakumbuka kwamba kioo hakina ini.
Hakina hasira. Hakipandi mlima na mzigo wa nyasi
kikiwa na miaka sabini na moja.

Jumapili nilimfunga baba mkanda wa kupima presha.
Mia na sitini na mbili juu ya tisini na nne.
"Basi hii nyama ni dawa?"
"Katika kioo, labda."
"Na katika Sámal?"
"Sijui, baba."

Alilitazama paja lililokuwa mezani, jeusi, gumu kama gogo la mashua kuukuu.
Nilidhani atachukia.
Akavuta kisanduku cha vidonge, akameza kimoja kwa maji,
akapangusa kisu kwenye suruali,
akakata ukanda mwembamba unaopitisha mwanga wa taa
na kunipa mimi kwanza.

"Anza na maabara hii, Bergtóra,"
akasema, akinigusa tumbo kwa mpini.