Bubu wa Meza ya Nne

Nalaza karata zangu kumi na tatu kwenye kitambaa cha kijani,
shupaza mbili duni, kopa tatu, uru nne, pau nne,
nyuso juu, safu safu,
kama mtu anayevua shati mbele ya daktari.
Kuanzia hapa mimi ni bubu.
Ndiyo sheria ya briji: mwenza hulaza karata,
hufunga mdomo,
hungoja kutumwa.

Ni Jumanne, mjini Sneek, ukumbi wa juu wa chama cha wateleza barafu.
Mvua inakwaruza vioo. Viatu vya makali vimetundikwa ukutani
tangu mfereji ulipoganda kweli kwa mara ya mwisho,
na hakuna anayekumbuka ni vya nani.

Wietske ameahidi piku tisa bila turufu.
Anazo nane. Naziona machoni pake akizihesabu:
shupaza moja, ile ree aliyokwisha kuila,
kopa tatu, uru mbili, pau mbili.
Nane.
Bauke, kushoto kwake, ameshaitoboa ngome ya shupaza;
hatamu ikiwaponyoka wanawake hawa wangu wa karatasi mara moja tu,
yatakayofuata ni mafuriko.

Na mafuriko Wietske anayajua.
Miaka thelathini na moja alipima kimo cha maji
kwa bodi ya mifereji, buti hadi magotini, daftari mfukoni.
Aliwahi kuniambia: ukuta haujengwi kwa dhoruba ya jana,
unajengwa kwa zote zinazoweza kuja.

Malkia wawili wamejificha, wa uru na wa pau.
Nani aanze kutafutwa?

Anayekimbilia pau akikosea hana pa kurudi.
Uru ni hodi tu: ree, kisha mfalme,
labda malkia ana mlinzi mmoja, ataanguka;
asipoanguka hujapoteza kitu, mlango wa pili bado uko wazi.
Haya nayajua. Siwezi kuyasema.
Nakunywa kahawa iliyopoa nisije nikakohoa,
maana kikohozi nacho ni neno.

"Ree ya uru," anasema. Naisukuma.
"Mfalme." Naisukuma.
Froukje anatupa tatu, kisha tisa, uso wake ukuta mtupu.
Malkia hatoki.

Sasa pau. Mfalme kutoka mkononi mwake, bila haraka.
Kisha pau ndogo, kuelekea kwangu,
kwenye ree na ghulamu wanaosubiri kama ndugu wawili kituoni.
Bauke anaweka ndogo.
Wietske anatulia.
Saa ya ukutani ina kigugumizi, inaruka dakika moja mbele, inarudi.
Hesabu inasema: penyeza ghulamu.
Mimi pia nasema, ndani huku, penyeza.

"Ghulamu."

Na Froukje, polepole, karibu kwa huruma,
anamlaza malkia aliyekuwa amebaki peke yake.

Shupaza zikamwagika. Tukaanguka kwa piku moja.

Mwenda pole hajikwai, husema wenye busara.
Alikwenda pole.

Meza ya pili, Gerlof aliyapata yote kwa karata zilezile:
aligonga ree na mfalme wa pau kwa pupa, kama mtu anayebisha chooni,
na malkia akamdondokea mapajani.
Hata hakuhesabu. Alikuwa akisimulia kisa cha mbwa wake.
Jina lake likaandikwa juu kabisa, kwa kalamu nyekundu.

Nikapata ruhusa ya kusema, na sikuwa na la kusema.
Chini, kwenye banda la baiskeli, Wietske akakung'uta maji kwenye tandiko
kwa kiwiko cha koti.
"Ningecheza vilevile," akasema.
"Najua."
"Hata kesho."
"Najua, Wietske."

Kisha akainama, akaiwasha taa yangu ya nyuma,
nilikuwa nimeisahau,
akatangulia kando ya mfereji,
ambao usiku ule maji yake yalikuwa chini ya alama,
vidole viwili, labda vitatu. Nilisimama nikapima.