Baisa Hamsini za Ulegevu

Ulikatika Mawaleh, taa zikiwa nyekundu,
bila kishindo:
wenzo wa klachi ukalala kiganjani mwangu
kama mkono wa mgonjwa aliyechoka kushikwa.
Pikipiki ikaruka hatua moja, ikazima.
Nyuma yangu magari meupe yakaanza honi.

Nikasukuma.
Soli zikinata kwenye lami, jasho likiingia jichoni,
hadi kwenye kivuli cha bango la benki,
kivuli chembamba, kama cha kukodi,
kinachohama usipokiangalia.
Ndani ya boksi: kabuli ya kuku,
vikopo viwili vya mchuzi wa nyanya, laban.
Kwenye simu: dakika kumi na nne.
Kumi na tatu.

Ilyas wa sanaiya ya Wadi Kabir aliniuzia waya wa akiba
kwa riali moja na nusu, akaapa ni wa asili.
Hakuna cha asili kwa riali moja na nusu,
lakini niliuviringa chini ya kiti, nikausahau.

Sasa tazama.
Legeza nati ya kwenye usukani, kwa vidole tu.
Zungusha mpaka mwanya wa skrubu uutazame mwanya wa pete,
na wa wenzo nao,
mianya mitatu foleni moja,
na kile kichwa cha risasi kitatoka chenyewe
kama jino la mtoto.
Huku chini, penye injini, usiguse kwa mkono mtupu.
Mimi niligusa.
Nilichokitamka hakikuwa dua.

Chitsao, kijiweni Ukunda, alinifunza hivi:
usiung'oe wa zamani ukautupa.
Funga mpya kwenye mkia wake kwa uzi,
vuta polepole, chini ya tangi, nyuma ya taa,
mwache maiti amwonyeshe mtoto njia.
(Alinifunza pia kukopa, lakini hilo ni shairi jingine.)
Uzi sikuwa nao.
Niliuchomoa kwenye pindo la fulana ya kampuni.

Simu. Kiarabu cha haraka, cha hasira.
Nikajibu nilichoweza: dakika hamsa, mama, hamsa,
na hapo unyuzi mmoja wa chuma ukanidunga chini ya ukucha.
"Mama yangu wee!"

Kimya.
Halafu Kiswahili, cha Wete ya zamani,
kama nguo iliyopigwa pasi ikafungiwa kabatini miaka sitini:
"Kwani weye mtu wa wapi?"
"Msambweni."
"Umepatwa na nini?"
"Waya wa klachi, bibi."
Akavuta pumzi. Nikangoja huruma.
"Pole. Lakini kikifika kimepoa nakirejesha,
hata ingekuwa nimekuzaa mie."

Grisi pia sikuwa nayo.
Nikachomoa kijiti cha kupimia oili,
nikadondosha tone moja juu ya waya, nikasema bismillahi.
Kisha kukaza, na hapa ndipo wengi hukosea:
hukaza mpaka waya ulie kama uzi wa gambusi.
Klachi haipendi kubanwa hivyo.
Itateleza kwenye kilima cha kwanza, itanuka, itaungua,
nawe utasema pikipiki mbovu.
Acha pengo.
Nilitoa sarafu ya baisa hamsini,
ndiyo pekee iliyobaki mfukoni,
nikaipenyeza kati ya wenzo na kishikizo chake.
Ikapita kwa shida kidogo.
Inatosha.

Bi Ghaniya alifungua mlango nusu, Al Khoud, ghorofa ya chini,
buibui juu ya gauni la kulalia,
akagusa bakuli la foili kwa mgongo wa vidole
kama anayempima mtu homa.
Hakusema kitu.
Akaliona dole gumba langu, jeusi, limejichapa kwenye mfuko wa karatasi.
Akauona ukucha.
"Nawa pale," akaonyesha bomba la bustani.
Maji yakatoka ya moto,
maana ilikuwa Agosti, na bomba halina jingine la kutoa.

Nyota alinipa tatu.