Gramu Ishirini

Nimefika Mwanza na sanduku la mizani,
sita za mezani, moja ya kuning'inia,
na karatasi ya mkurugenzi wangu kule Mombasa
yenye safu nne za kujaza:
Jina. Bidhaa. Kiasi. Hali ya soko.

Kutoka uwanja wa ndege dereva ananihesabia majengo
kama mtu anayehesabu watoto wa dada yake:
hili la mwaka jana, hili la Pasaka,
lile bado halijapata wapangaji ila lina lifti.
Nyuma ya majengo, mawe.
Mawe yamebebana, nyumba zimeyadandia,
bati jipya la buluu limekaa juu ya jabali
kama kofia ya kuazima.
"Haya hayavunjwi?"
"Yanavunjwa," anasema. "Ila tuliyakuta."

Hoteli inanuka rangi mbichi.
Chumba 407, na ghorofa ya nne ndiyo ya mwisho, kwa leo.
Usiku wanamwaga zege juu ya dari yangu,
kokoto zinaporomokea ndotoni,
na asubuhi mhudumu ananiomba radhi kwa majivuno:
"Ukirudi Juni utatukuta tuna ya sita."

Nimeonana na wenye viwanda vya minofu.
Wamenipa chai, wakalalamika sangara wamepungua,
kisha wakaulizia mashine za barafu kubwa kuliko walizonazo.
Sikuelewa. Nikaandika.
Nimeonana na kijana wa dhahabu kutoka Geita,
viatu vyeupe, simu tatu;
anaiinamia mizani
kama daktari anayesikiliza kifua.
Nimeambiwa daraja la Busisi unalivuka kwa dakika chache,
na aliyeniambia alikuwa akiuza samaki wa kukaanga kivukoni,
foleni ya magari ndiyo iliyomsomeshea wanawe.

Kisha Mwaloni.
Magunia ya dagaa yanayosubiri lori la Kongo,
korongo wamesimama kando kama makarani waliostaafu,
na Nkwimba Lugembe, mnunuzi wa mabondo,
vile vibofu vya sangara, vikavu, rangi ya asali,
vinavyopanda ndege kuliko mimi.
"Mwangaluka," namwamkia, kama dereva alivyonifunza.
Saa nane mchana.
Kibanda kizima kinacheka.

Sijafika kwenye dhamana ya miaka miwili
anaingiza mkono chini ya benchi, anatoa jiwe.
Jeusi, laini, limezoea kiganja.
"Hili ni kilo mbili. Lilipimwa posta
mwaka ule baba Shija aliponiacha. Weka."

Naweka.
Namba zinatetemeka, zinatulia:
1.980.

Mimi naijua mashine yangu; niliisawazisha alfajiri
kwa vipimo vyenye muhuri wa serikali.
Yeye analijua jiwe lake.
Analigeuza. Analipapasa
pale kidole gumba kilipochimba kishimo,
miaka kumi na tisa ya kuinua na kushusha.
"Kumbe nimelila," anasema taratibu.
Halafu anapiga hesabu, midomo ikicheza:
"Nikinunua, nilijipunja.
Nikiuza, niliwapunja.
Hatudaiani."

Ziwa linapiga mbao za gati. Hakuna anayesema.
"Nipe mbili," anasema.
"Moja ya kununulia, moja ya kuuzia."

Sijui alikuwa anatania.
Nimewatazama vijana wake, nao wametazama magunia.
Pesa imeingia kwenye simu yangu
kabla sijalaza boksi.
Jiwe amelirudisha chini ya benchi.

Sasa ni usiku, nina kalamu.
Jina: Nkwimba Lugembe. Bidhaa: mizani ya mezani.
Kiasi: mbili.
Hali ya soko: nimeandika inakua,
nimefuta.
Nimeandika gramu ishirini, nikafuta na hiyo,
mkurugenzi angepiga simu.
Karatasi imeanza kutoboka pale.

Juu ya dari wameanza ya tano.