Amri Haijulikani

Bando la usiku linaanza saa sita.
Nimekaa ofisi ya chama, Tukuyu,
blanketi mabegani, soksi mbili mbili,
mvua inapiga bati kama inadai deni,
na dirisha jeusi kwenye laptopu ya chama
limefungua jicho moja, linapepesa,
linasubiri niseme.

Nasema.
Linajibu: amri haijulikani.

Gwamaka, aliyeandika programu ya mizani,
alipata kazi Dodoma, akaaga kwa simu.
Alituachia udongo, hakutuachia tofali:
mafaili thelathini na moja, maneno matupu,
na karatasi yenye mwandiko wa haraka:
"Subilaga, weka kompaila kwanza, kisha jenga."
Kisha jenga!
Kama kumwambia mwenye njaa, kisha ushibe.

Kompaila inashuka kwa kushikashika kuta.
Asilimia arobaini. Sitini. Tisini na tatu.
Umeme ukakonyeza, modemu ikafumba taa zake,
nikaanza tena kwenye sifuri
nikiwatukana watu wa umeme, nao wamelala.

Ikafika. Ikajifungua mafaili mengine elfu.
Nasema tena.
Amri haijulikani.

Nilitaka kulia, nikacheka.
Maana kitu kipo! Nakiona kwa macho,
kimekaa ndani ya folda yake, kimenona;
ila mashine haijaonyeshwa njia ya kukifikia.
Ni mgeni uliyemwambia nyumba ipo Bulyaga,
hukumwambia apite wapi; akazunguka migombani,
akarudi stendi akiapa huko hakuna nyumba.
Nikaandika njia, mkwaju kwa mkwaju,
herufi moja ikaniponyoka, nikairudia,
nikafunga dirisha, nikalifungua,
kwani halisikii habari mpya mpaka lilale liamke.

Sasa likaitika, likataja toleo lake,
namba tatu zenye nukta,
kama mtoto anayetaja jina la ukoo.

Haya, jenga.

Makosa mia mbili na kumi na manne.
Yalibubujika mekundu, yakapanda, yakapotea juu ya kioo.

Baba alichoma matofali Kiwira miaka kumi na minane.
Tanuru likibomoka hakuhangaika na rundo;
alipiga magoti penye mdomo wa moto
akatafuta tofali la kwanza kuteleza.
"Haya mengine," alisema, "yamefuata mkumbo."
Nikapanda, nikapanda, hadi kosa la kwanza:
maktaba moja haipo. Maktaba ndogo tu,
kazi yake kusikiliza waya wa mizani,
nayo inataka nyingine, tena toleo la zamani;
jipya inalikataa
kama mama mkwe aliyemzoea mke wa kwanza.

Saa tisa na robo makosa yamebaki mawili.
Kisha moja. Hilo moja nilikula nalo karanga
nusu saa nzima, kabla sijaona
nukta mkato niliyoifuta mwenyewe kwa kiwiko.

Jenga.

Hakuna neno.
Hakuna hongera. Mstari mpya, mtupu,
na lile jicho linapepesa.
Nikadhani limekufa. Kumbe ndiyo tabia yake:
likikosewa linapayuka, likiridhika linanyamaza.
Baba naye. Tofali lililoiva
aliligonga kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza mlio wake,
akalipanga juu ya mwenzake, akashika lingine.

Saa kumi na mbili asubuhi
foleni ya majani mabichi imefika mferejini.
Bibi Tusajigwe, anayesema tangu Machi mizani inamla,
anapandisha gunia lake la kwanza.
Hatazami gunia. Ananitazama mimi.
Kilo kumi na saba na nusu.
Anaguna, labda ni asante.
Anashusha mzigo, na juu ya mizani tupu
inabaki: gramu mia mbili.

"Na hizo," anauliza, "ni za nani?"

Nakunja mikono ya sweta.
Narudi dirishani.