Baada ya Alhamisi

Alhamisi saa nne na robo nina mtu.
Bi Nkundwe hufunga mlango wenye bawaba inayolia,
husogeza boksi la tishu upande wangu, taratibu,
kama anayemsogezea mgeni chumvi,
na kwa dakika hamsini mimi si tatizo la nyumba,
ni mtu anayezungumza.

Halafu natoka nje, Makole, jua la mchana,
vumbi limeamka kabla yangu,
na ninaanza kuhesabu.

Ijumaa naiweza. Sauti yake bado imo sikioni.
Jumamosi nafua hata visivyochafuka.
Jumapili kwaya inaimba, midomo yangu inacheza tu.
Jumatatu napanda basi la wafanyakazi kwenda Mtumba,
nagonga mihuri barua za watu wanaoomba uhamisho.
Uhamisho! Ingekuwepo fomu ya kuhama kichwani mwako
ningeigonga muhuri mwenyewe.
Jumanne sikumbuki.
Jumatano usiku treni inapiga honi,
mbwa wa Chang'ombe wanaijibu,
nami najibu visivyoniita.

Jumatano ile nilimwamsha dada yangu saa nane,
nikampa ufunguo wa kabati la dawa:
Madeje, kaa nao. Nikikuomba, usinipe. Nikilia, usinipe.
Hakuuliza. Aliufunga kwenye pindo la khanga,
mafundo mawili, akakaa mlangoni hadi kukakucha
akichambua mchele ambao haukuwa na mawe.

Asubuhi nikasema nililolikalia miezi mitatu:
Bi Nkundwe, saa yako hainitoshi.
Nilidhani atachukia. Utamwambiaje mpishi
kwamba chakula kitamu na njaa iko palepale?
Mimi mtoto wa Hombolo, nikamwambia, baba alilima zabibu.
Mche mchanga, Septemba, ardhi imepasuka,
huumwagilii mara moja kwa wiki
kisha ukaulaumu kwa kunyauka.
Akavua miwani. "Nilikuwa nangoja useme."
Na hapo, sitaficha, nilikasirika.
Mbona hukusema wewe?
Akanyamaza. Kisha: "Kweli. Nilipaswa kusema mimi."

Akaandika barua. Ukurasa mmoja, haukujaa.

Mirembe.
Hapa Dodoma jina hilo lilikuwa tusi letu la shuleni.
Mimi na Madeje tulimnyooshea kidole Chiloleti
aliyeongea peke yake akirudi kisimani:
gari lako la Mirembe limefika!
Chiloleti, popote ulipo,
limefika, na abiria ni mimi.

Mama mdogo akapiga simu kutoka Kongwa:
tuseme umekwenda semina, Morogoro.
Shemeji Ndahani, asiye na maneno, akajaza mafuta pikipiki.
Nilifunga khanga mbili, ndala, kipande cha sabuni, daftari,
karanga alizokaanga Madeje zikaungua kidogo.
Kazini niliandika "naumwa". Neno moja.
Halikuwa uongo, ila mkono ulitetemeka
kama naghushi saini.

Mapokezi, muuguzi kijana alikagua mfuko,
akatoa kioo, akatoa mkanda wa gauni,
akavitia kwenye bahasha, akaniandikia risiti,
kana kwamba ana hakika nitavirudia.
Jina?
Sechelela.
Maana yake?
Furahi. Kwa Kigogo. Ni kama amri.
Nilisubiri acheke. Mimi ningecheka.
Aliandika tu, herufi kwa herufi,
akaniuliza kama nimekula.

Kitanda cha sita, dirishani. Upepo unarusha mchanga kwenye wavu.
Mama wa kitanda cha saba anakoroma kama mashine ya kusaga uwele,
na taa ya korido haizimwi.
Leo Alhamisi.
Kwa mazoea nimeanza kuhesabu,
nikafika Ijumaa, nikasimama.
Viatu vya mtu wa zamu vinapita, vinarudi.
Ijumaa pia kuna mtu.